Chumba cha Langoni na elfu kumi iliyobaki

*Swali:* Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni binti wa Amu, yaani Lamu, miaka 29. Nimepika miaka sita katika nyumba ya wageni huko Shela na nimejiwekea shilingi 240,000. Kakangu aliyeko Mombasa ameniahidi 100,000. Nimepata chumba Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kodi 12,000 kwa mwezi. Mwenyewe ataka miezi mitatu mbele na mmoja wa amana. Nataka kufungua mkahawa mdogo wa wali wa nazi na samaki, mahamri na sharubati, mwezi wa Aprili inshallah. Hesabu yangu ni hii hapa chini. Kila mtu ananiambia wanaoanza biashara hukosea, lakini hakuna anayeniambia wanakosea wapi hasa. Mkopo wa riba sitaki. Niambie kweli hata kama itauma.

*Jibu:* Waleikum salaam mwanangu. Haitauma sana, maana wewe umeandika hesabu kabla ya kulipa kodi. Wengi huniletea hesabu baada ya mlango kufungwa, wakitaka nitafute pesa zilikoenda.

Nimeisoma orodha yako mara tatu. Kodi na amana 48,000. Friji 65,000. Jiko la gesi na mtungi wake 25,000. Rangi, ukarabati, meza na viti 80,000. Kibao cha jina 15,000. Sufuria, sahani na vyombo vingine 40,000. Blenda 12,000. Leseni na vyeti 15,000. Vyakula vya kuanzia 30,000. Jumla 330,000. Umejumlisha sawa, hakuna shilingi iliyopotea. Katika 340,000 unazozitarajia umebakisha elfu kumi.

Hapo ndipo nataka tukae. Nimeshika madaftari ya watu Malindi na Amu kwa miaka mingi, na makosa karibu yote niliyoyaona yalikuwa na dawa ikiwa pesa ya kuzungusha ipo. Bei ukiikosea utaibadilisha. Msaidizi akikushinda utamuaga. Lakini pesa ya kuzungusha ikiwa imekwisha siku ya kufungua, kosa dogo kabisa, sufuria moja ya wali uliolala, linakufungia mlango.

Watu husema "mtaji" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna pesa ya kufungulia, na kuna pesa ya kununulia samaki kesho asubuhi, na keshokutwa, na siku ambayo mvua imenyesha toka alfajiri na hakuna aliyeingia. Ile ya kwanza ikishaingia katika friji na viti haitoki tena. Friji haliendi sokoni. Ukitaka kuligeuza pesa utaliuza nusu ya bei, tena kwa jirani atakayekuangalia kwa huruma.

Nalisema hili kwa sababu lilinikuta mwenyewe. Mwaka 1996 nilifungua duka la vipuri vya baiskeli Malindi. Malindi ya wakati ule baiskeli zilikuwa kama punda wa Amu, kila nyumba ina yake, nikaona hapa siwezi kukosa. Nikatengeneza shelfu za mbao ngumu zenye vioo. Nikamlipa mchoraji kibao, akanichorea baiskeli yenye gurudumu moja kubwa kuliko jingine. Muuza jumla mmoja akanishawishi nichukue cheni, katoni baada ya katoni, kwa kuwa ukichukua nyingi bei inashuka. Siku ya kufungua duka lilikuwa linang'aa, na mfukoni nilikuwa na nauli.

Wateja walipokuja hawakutaka cheni. Cheni hukatika mara moja kwa miaka. Walitaka tyubu, spoki, vali na gundi ya viraka, vitu vya shilingi chache vinavyoharibika kila wiki. Nilikuwa navyo kidogo, vikaisha, na pesa ya kuvirudisha ikawa imelala kwenye cheni. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, kulikuwa na mzee mwenye sanduku la mbao, pampu na tyubu kama thelathini. Hana shelfu, hana kibao. Mteja akitoka kwangu mikono mitupu huvuka kwake. Jioni mzee huhesabu noti zake, nami nikipangusa vumbi kwenye vioo. Baada ya miezi minane niliuza zile shelfu kwa mwenye duka la dawa. Cheni nilikuwa nazo miaka kumi baadaye.

Turudi kwako. Unachokijua wewe ni kupika, na kwa kupika sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni ile sentensi yako, "sahani nitauza 250 na inanigharimu kama 190, kwa hiyo faida ni 60." Tufungue sufuria tuone. Bei nitakazoweka ni za mfano. Zako utaziandika mwenyewe asubuhi ukitoka sokoni.

Sahani 20 za wali wa nazi na samaki. Mchele kilo 4 kwa 170 ni 680. Nazi 6 kwa 40 ni 240. Samaki kilo 5 kwa 400 ni 2,000. Nyanya, vitunguu, ndimu, viungo na mafuta 450. Gesi 250. Maji ya kupikia 100. Jumla 3,720, yaani 186 kwa sahani. Uko sawa kabisa mpaka hapa. Ukiuza zote unapata 5,000 na kubakiwa na 1,280.

Sasa nani kakwambia utauza zote? Mpishi wa nyumba ya wageni anajua mapema kuna vinywa vingapi, maana wageni wameandikwa kitabuni. Mkahawa hauna kitabu hicho. Tuseme sahani tatu zimelala. Umeuza 17, mkononi una 4,250, na baada ya gharama ya kupika imebaki 530. Kodi ya 12,000 ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni 461. Imebaki 69. Msaidizi wa kuosha vyombo na kuhudumia umemwandikia 400 kwa siku. Umeshaingia hasara ya 331, na wewe mwenyewe uliyeamka saa kumi za usiku kukuna nazi hujajilipa hata ndururu.

Zile sahani tatu ndizo zilizokula siku yako. Kila mtu anajua bei ya mchele. Wachache huandika ukurasa wa vilivyolala. Mkahawa mpya hupenda kuwa na vyakula vingi, pilau, biriani, wali, chapati, maharagwe, ili mteja asikose. Kila chakula unachokiongeza kinaongeza sufuria inayoweza kulala. Anza na viwili. Mteja akikuta chakula kimeisha saa nane mchana, kesho atakuja saa saba. Akikuta cha jana, hatakuja tena, na Amu ni mji mdogo.

Halafu kuna sharubati, ambazo wewe umeziweka mwisho wa orodha kama kitu cha kusindikizia chakula. Gilasi ya ukwaju, ukihesabu ukwaju wenyewe, sukari, maji safi na barafu, tuseme inakugharimu 22 na unaiuza 60. Ukiuza gilasi 30 kwa siku una 1,140. Ukiibakisha, inalala ndani ya friji na kesho bado ni ukwaju. Toa ile hasara ya 331 ya wali, siku yako imesimama kwenye 809. Unaona basi nani anayelipa kodi ya chumba? Si samaki wa kupaka unayesifiwa Shela nzima. Ni ukwaju. Mahamri ya asubuhi yana hesabu ya namna hiyo hiyo: unga, sukari, nazi, iliki na hamira, na ukipika kwa kiasi saa tatu sinia tupu. Simaanishi uache wali. Wali utamleta mtu akae, na aliyekaa ataagiza gilasi. Ila ujue kipi kinakulisha na kipi kinakupamba.

Juu ya hiyo 809 kuna serikali. Kwa Kenya, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Sikia vizuri: ya mauzo, si ya faida. Watu husikia milioni moja wakadhani ni habari za matajiri. Gawa milioni moja kwa siku 312 za kazi, utapata kama 3,200 kwa siku. Wewe kwa hesabu yetu unauza 4,250 za wali na 1,800 za sharubati, jumla 6,050. Umeshaingia. Asilimia 3 yake ni kama 181 kwa siku, na inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Siku yako sasa ni 628. Kwa siku 26 ni 16,328. Toa umeme na maji ya kuoshea, tuseme 5,000, umebaki na 11,328.

Huo ndio mshahara wako. Hukuniandikia Shela wanakulipa ngapi. Liandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, uliangalie kila mwisho wa mwezi. Huenda utakubali kupata kidogo mwaka wa kwanza kwa kuwa mkahawa ni wako na utakua. Hilo ni sawa, alimradi umelikubali ukijua.

Kuna mambo mawili ya Amu ambayo hesabu ya mtu wa Nairobi haiwezi kukufundisha. La kwanza ni maji yaliyo kati yetu na bara. Friji umeliandika 65,000, nami najua hiyo ni bei ya dukani Mombasa. Friji hilo halijapanda lori kufika Mokowe, halijashushwa kwenye boti, halijapandishwa gati ya Amu, halijatafutiwa hamali wanne wa kulipitisha kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Kila mkono unaoligusa unalipwa. Na si friji tu. Mtungi wa gesi, gunia la sukari, katoni ya mafuta, vyote vina safari hiyo hiyo, kila wiki, mwaka mzima. Weka safu ya pili pembeni ya bei, uiite "mpaka mlangoni". Kisha uliza maduka ya mjini. Vitu vingine utakuta ni nafuu kuvinunua hapa hapa kuliko kuvivusha mwenyewe kimoja kimoja.

La pili ni pepo za msimu. Unataka kufungua Aprili kwa sababu chumba kimepatikana Aprili. Mwanangu, Aprili ndiyo kusi inaingia, na masika nyuma yake. Mei baadhi ya nyumba za wageni za Shela hufunga kabisa kupaka rangi na kutengeneza makuti; wewe umefanya kazi huko, unajua kuliko mimi. Wageni hurudi Julai na Agosti, kisha Desemba mpaka Machi wakati wa kaskazi. Kusi inapokaza, Juni na Julai, mashua ndogo haziendi mbali, na samaki hupanda bei. Kilo ya 400 ikifika 550, kwa kilo tano umeongeza 750. Ile 1,280 ya sahani 20 inashuka kuwa 530 kabla hata sahani moja haijalala, na bei ya 250 uliyoiandika ukutani huwezi kuipandisha kila pepo zikigeuka.

Utaniambia, mimi nauzia wenyeji, sitegemei wageni. Vizuri sana, mwenyeji hafungi Mei. Lakini jiulize mwenyeji yupi. Nahodha na hamali wa gati hula mapema, hutaka shibe, na 250 kwao ni nyingi. Mwalimu na karani hula saa saba na hulipa mwisho wa mwezi. Mama wa nyumbani hali mkahawani, ila atamtuma mtoto na jagi kununua sharubati. Hivyo ni vyakula tofauti, bei tofauti na saa tofauti za kuwasha jiko. Wengi wanaoanza huniambia mteja wao ni "kila mtu", na huyo sijawahi kumwona akiingia mkahawani.

Na usisahau mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka huwahi kwa kama siku 11 kwa hesabu ya kalenda ya ukutani. Mkahawa wa wali wa mchana unalala mwezi mzima na kodi hailali. Lakini saa kumi na moja jioni, mwenye kaimati, viazi vya karai na ukwaju baridi haoni mkono wake kwa wateja. Maulidi nayo, mwishoni mwa Mfungo Sita, mji hujaa watu waliotoka kila upande wa pwani na mbali zaidi. Siku hizo zitakulipa tu kama una pesa ya kununua vyakula vingi kabla hazijafika, kwa hiyo turudi pale pale kwenye elfu kumi.

Kuhusu kakako. "Ameniahidi" si pesa. Mpaka ziingie mkononi, hesabu yako ni 240,000. Zikiingia, lazima mjue zimeingia kama nini. Zawadi? Karadha, utakayomrudishia 100,000 ile ile, lini? Au ni mshirika? Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikosa kusalimiana kwenye Idi kwa jambo hili. Mmoja alidhani amemsaidia dadake, mwingine alidhani ana nusu ya duka. Wewe umesema riba hutaki, na njia iko. Mkishirikiana kwa mali nyote wawili, faida mnagawana kwa kadiri mliyokubaliana, na hasara kila mtu hubeba kwa kadiri ya mali yake. Katika 340,000, zako 240,000 ni kama asilimia 71 na zake kama 29. Kwa kuwa wewe ndiye unayepika, si lazima faida ifuate mgawo huo. Mnaweza kukubaliana wewe upate zaidi. Muandikiane, na mashahidi wawepo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumza habari ya kuandikiana deni, kwa hiyo kakako asione umemdhania vibaya ukimwekea karatasi mbele.

Pesa za mauzo zisipite kwenye namba yako ya simu. Hili nalisema haraka kwa kuwa ni rahisi kulifanya na gumu kulishika. Chukua namba ya till ya mkahawa, au Pochi la Biashara, kila malipo yaingie huko. Jioni hamisha mshahara wako wa siku ule mliokubaliana wewe na daftari, basi. Ukichanganya, utaona simu ina 9,000, utamtumia mama, utalipa karo ya mdogo wako, utanunua dera la arusini, yote mambo ya heri. Asubuhi muuza samaki atakapotaka 2,000 zake utakuta hakuna, na Fuliza, ule mkopo wa simu, itakuwa inakukonyeza. Siku hiyo ndiyo riba uliyoikataa mlangoni inaingia dirishani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi inapotea na ujumbe wa simu unakuja, lakini hatuusomi.

Deni sitakwambia usikopeshe. Mkahawa wa Amu usiokopesha hata mtu mmoja utabaki na viti. Weka kiwango. Ukishajua wali unakuachia 64 kwa sahani ikiuzwa, utaona kwamba sahani moja isiyolipwa inahitaji karibu sahani tatu zilizolipwa kuifidia. Andika mbele za mkopaji mwenyewe, kwa sauti, "shemeji, 250, Jumanne." Aibu ndogo ya siku ya kukopa ni nafuu kuliko ile kubwa ya kudai, kukopa arusi, kulipa matanga.

Karatasi za serikali hazitakushinda. Jina la biashara unalisajili kupitia eCitizen, PIN ya KRA, namba yako ya kodi, nadhani unayo kwa kazi yako ya Shela, kisha leseni ya kaunti, ukaguzi wa afya wa chumba, na cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, ambacho hurudiwa kila baada ya miezi sita. Hicho cha mwisho wengi hukisahau kwa msaidizi. Moja zaidi kwa sababu ya mahali ulipo: kama chumba kimo ndani ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuandika Urithi wa Dunia mwaka 2001, usibomoe ukuta wala kupanua mlango wala kupachika kibao kikubwa kabla hujauliza watu wa Makumbusho. Nimemwona mtu akilipa fundi mara mbili, kubomoa na kurudisha.

Sasa ningekuwa wewe ningefanya hivi. Aprili nisingechukua chumba. Ningebaki na kazi ya Shela, au kama wao wanafunga Mei, ningeitumia nafasi hiyo. Ningechukua cheti cha afya, maana chakula ni chakula hata kikiuziwa kwenye baraza ya kwenu, na leseni ningeuliza kaunti wanatozaje anayeuza nyumbani. Kisha siku arobaini: mahamri alfajiri, ukwaju na pasheni alasiri, na wali wa kuagiziwa tu, anayetaka aseme jana. Jiko na sufuria za nyumbani zipo. Utahitaji blenda, majagi, gilasi na unga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo hesabu bahasha za karatasi, ni senti lakini ni kila siku.

Katika siku hizo arobaini andika mambo manne kila jioni: umetumia ngapi, umeuza ngapi, nini kimelala, na nani ameulizia kitu ambacho huna. Hilo la nne ndilo mimi sikuliandika Malindi. Lingeniambia "tyubu" wiki ya kwanza.

Daftari likikubali, chukua chumba mwishoni mwa Juni, wageni wa Julai wakiwa njiani, kwa pesa zako tu. Friji dogo la mitumba 28,000, likiwa limeshafika Amu na umelisikia likinguruma kwa masikio yako. Gesi 25,000. Blenda 12,000 uliyokwisha kuinunua. Vyombo 15,000, sahani za kutosha watu kumi na tano. Wa kumi na sita atasubiri, na watu hupenda mahali panaposubiriwa. Meza mbili ndefu na mabenchi 16,000, fundi wa Matondoni anayejua kuchonga mashua hatashindwa na benchi. Leseni na vyeti 15,000. Kodi ya miezi miwili 24,000. Kibao hapana, harufu ya iliki itatosha kwa sasa, na rangi nunua kopo moja upake na wadogo zako. Jumla 135,000, umebaki na 105,000. Toa 20,000 za vyakula vya mwanzo, 85,000. Kodi, msaidizi na umeme kwa mwezi ni 12,000, 10,400 na 5,000, yaani 27,400. Pesa iliyobaki inaweza kulipa miezi mitatu hata kama hakuna mtu aliyeingia, na watu wataingia. Za kakako zikija, zikae benki zisubiri kaskazi.

Najua unaogopa chumba kitachukuliwa. Huenda kikachukuliwa. Lakini mwenye chumba naye ana hesabu zake: chumba kitupu mwezi wa Mei, mvua inanyesha, hakimlipi kitu. Mwendee wakati huo, baada ya asri akiwa amekaa barazani, na 24,000 mkononi, umwombe miezi miwili bila amana. Sasa hivi anakuona una haraka, ndiyo maana ametaja minne. Na siku arobaini zikiisha nitumie picha za daftari. Anza na ukurasa wa vilivyolala.